Xiphactinus: Samaki wa kale aliyekufa na mlo mzima tumboni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jumba la makumbusho la mji wa Hays, jimboni Kansas, nchini Marekani, kuna samaki wawili waliolala ndani ya bamba moja la mwamba. Mkubwa ana urefu wa zaidi ya mita nne. Mdogo, ambaye urefu wake unakaribia mita mbili, yumo katikati ya mbavu za mkubwa, akiwa mzima kuanzia kichwa hadi mkia. Wamekaa katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka milioni 80.

Samaki huyo mkubwa hujulikana kitaalamu kwa jina la Xiphactinus audax. Alikuwa miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wenye mifupa walioishi katika bahari za kipindi cha Kretasia, kipindi kilichoanza miaka ipatayo milioni 145 iliyopita na kumalizika miaka milioni 66 iliyopita, wakati dinosaria walipokuwa wakitamalaki nchi kavu.

Visukuku vya Xiphactinus, yaani mabaki yake yaliyogeuka kuwa jiwe, vimekuwa vikichimbuliwa tangu karne ya 19, na vimo katika majumba mengi ya makumbusho duniani. Hata hivyo, hakuna kilichopata umaarufu kama hicho cha Hays, kwa sababu kinaeleza jambo ambalo mifupa peke yake ni nadra kulieleza: namna mnyama alivyokula na, kwa kila dalili, namna alivyokufa. Aidha, kinaonyesha kwamba maumbile yaliyomfanya samaki huyo kuwa mwindaji hodari ndiyo hayo hayo yaliyomweka katika hatari kila alipofungua kinywa.

Bahari iliyotoweka

Msafiri anayepita magharibi ya Kansas hivi leo hukutana na tambarare kavu, mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe. Wilaya ya Gove, ambako kisukuku hicho kilipatikana, iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Pwani iliyo karibu nayo zaidi, ile ya Ghuba ya Mexico, iko umbali unaozidi kilomita 1,000.

Lakini miaka ipatayo milioni 85 iliyopita eneo hilo lote lilikuwa chini ya maji. Bahari ndefu, ambayo wanajiolojia huiita Bahari ya Ndani ya Magharibi, ilikuwa imeligawa bara la Amerika ya Kaskazini katika sehemu mbili. Ilianzia Aktiki na kufika Ghuba ya Mexico, mwendo wa takriban kilomita 3,200, na katika kilele chake upana wake ulifikia kilomita zipatazo 970.

Bahari hiyo ilitokana na mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Kwanza, dunia ilikuwa na joto kuliko ilivyo sasa. Barafu katika ncha za dunia ilikuwa kidogo mno au haikuwapo kabisa, na usawa wa bahari ulikuwa juu sana. Pili, sehemu ya kati ya bara ilikuwa imebonyea kutokana na misukumo ya ardhi iliyokuwa ikiinua milima upande wa magharibi. Maji yakaingia kutoka kaskazini na kusini hadi yakakutana.

Haikuwa bahari yenye kina kirefu kama bahari kuu za leo, na katika eneo la Kansas maji yake yalikuwa ya vuguvugu. Humo waliishi amoniti, ambao ni jamaa wa ngisi na pweza waliokuwa na gamba lililojikunja kama la konokono. Chini, juu ya matope, walikuwapo chaza ambao makombe yao yaliweza kuzidi upana wa mita moja. Walikuwapo pia kasa wakubwa, papa wa aina mbalimbali, plesiosauri wenye makasia manne badala ya miguu, na mosasauri, ambao ni mijusi ya baharini ya ukoo mmoja na mijusi na nyoka wa leo.

Juu ya maji waliruka Pteranodon, watambaazi wenye mabawa ambao wakubwa wao walifikia mita sita kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Ndege aitwaye Hesperornis, aliyekuwa na meno na asiyeweza kuruka, alipiga mbizi akitafuta samaki. Katika bahari hiyo yenye walaji wengi ndimo alimoishi Xiphactinus.

Kaburi la chaki

Kuhifadhiwa vizuri kwa mabaki ya viumbe hao kunatokana na aina ya mwamba uliowafunika. Sehemu kubwa ya visukuku vya Xiphactinus vya Kansas imetoka katika tabaka liitwalo Chaki ya Smoky Hill, lililojengeka kati ya miaka milioni 87 na milioni 82 iliyopita.

Chaki hiyo ni zao la uhai. Katika maji ya juu ya bahari waliishi mwani wa chembe moja, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, ambao walijifunika kwa visahani vya chokaa. Walipokufa, visahani hivyo vilizama polepole na kujikusanya chini kama matope laini meupe. Mwaka baada ya mwaka, kwa miaka ipatayo milioni tano, matope hayo yalirundikana na kushindiliwa hadi yakawa tabaka la mwamba lenye unene wa takriban mita 180. Neno Kretasia lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chaki, kwa sababu miamba ya namna hiyo ni ya kawaida katika tabaka za kipindi hicho. Magenge meupe ya Dover nchini Uingereza ni mfano mwingine wa chaki ya kipindi hicho.

Kwa mujibu wa wataalamu, mambo mawili yaliifanya sakafu ya bahari hiyo kuwa mahali pazuri pa kuhifadhi maiti. Matope yake yalikuwa laini sana, hivyo mzoga uliozama ulifukiwa taratibu bila kuvunjwavunjwa na mawimbi. Vilevile, maji ya chini kabisa mara nyingi yalikuwa na upungufu wa oksijeni, na kwa sababu hiyo wanyama wanaofukua matope na kutawanya mifupa walikuwa wachache. Mzoga uliobahatika kufika chini ukiwa mzima uliweza kubaki mzima.

Ndani ya chaki hiyo mna pia tabaka nyembamba za majivu ya volkano zilizopeperushwa kutoka mbali. Majivu hayo yana madini ambayo umri wake hupimika kwa kuchunguza kiasi cha elementi nururifu kilichokwisha kubadilika. Kwa njia hiyo wanajiolojia wameweza kutaja umri wa tabaka za Kansas, na wa visukuku vilivyomo, bila kukisia.

Umbo la mwindaji

Xiphactinus aliyekomaa alikuwa na urefu wa mita nne hadi tano, na wakubwa zaidi wanakadiriwa kufikia karibu mita sita. Mwili wake ulikuwa mrefu na mwembamba, na mkia wake mkubwa uligawanyika pande mbili mithili ya mkia wa jodari. Pezi lake la mgongoni lilikuwa dogo na lilikaa nyuma sana, mkabala na pezi refu la chini ya tumbo karibu na mkia. Umbo la namna hiyo huonekana kwa samaki wanaoogelea kwa kasi katika maji ya wazi, si kwa wale wanaojificha miambani.

Kichwa chake ndicho kilichowashangaza watafiti wa mwanzo. Taya la chini lilikuwa nene na lilijitokeza mbele na juu kupita taya la juu, kwa namna inayokumbusha uso wa mbwa wa aina ya bulldog. Ndani ya mataya hayo kulikuwa na safu moja ya meno marefu yaliyochongoka mithili ya misumari. Urefu wake haukulingana: jino refu lilifuatwa na jino fupi, na baadhi ya meno ya mbele yalijitokeza kama chonge za simba.

Meno hayo ndiyo ufunguo wa kuelewa maisha ya samaki huyo. Jino la papa wengi lina makali pembeni. Papa huuma, hutikisa kichwa na kukata kipande cha nyama. Jino la Xiphactinus halikuwa kisu bali lilikuwa mkuki. Liliweza kutoboa na kushikilia, lakini halikuweza kukata wala kutafuna. Samaki mwenye meno ya aina hiyo akishamkamata mnyama hana njia nyingine ya kumla isipokuwa kummeza mzima.

Katika mapezi ya kifua, ule mwiba wa kwanza ulikuwa mpana, mrefu na mgumu kama upanga. Mwiba huo ndio uliompatia jina.

Kwa muda mrefu baadhi ya waandishi wamemlinganisha Xiphactinus na tarpon, samaki mkubwa wa fedha wa Bahari ya Atlantiki. Mfanano huo ni wa sura tu. Wataalamu humweka katika kundi la kale la samaki wenye mifupa ambalo lilitengana mapema na mababu wa samaki wengi wa leo, na ambalo halikuacha kizazi.

Jina kutokana na kipande cha mwiba

Historia ya kutambuliwa kwake ilianza na kipande kimoja tu cha mfupa. Daktari wa jeshi la Marekani, George M. Sternberg, aliyekuwa akihudumu katika ngome za Kansas, aliokota sehemu ya mwiba wa pezi na kuipeleka mashariki kwa wataalamu. Mwaka 1870 mtaalamu wa anatomia wa mjini Philadelphia, Joseph Leidy, aliuchunguza na kumpa mnyama huyo jina la Xiphactinus audax. Sehemu ya kwanza imejengwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya upanga na mwiba wa pezi. Sehemu ya pili ni neno la Kilatini lenye maana ya jasiri. Leidy hakuwa ameuona mwili wa samaki huyo.

Mwaka uliofuata mtafiti mwingine wa Philadelphia, Edward Drinker Cope, alifika Kansas mwenyewe. Cope alipata mifupa mingi zaidi, ikiwamo ya kichwa na mataya, na akamtangaza samaki huyo kwa jina la Portheus molossus. Neno la pili linatokana na jina la mbwa wakali wa enzi za Wagiriki wa kale, na lilichaguliwa kutokana na uso wake.

Hiyo ilikuwa enzi ya ushindani mkali. Cope na hasimu wake, Othniel Charles Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale, walikuwa wakishindana kuchimbua na kutangaza wanyama wa kale wapya, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake. Katika haraka hiyo, mnyama mmoja aliweza kupewa majina mawili au matatu na watu tofauti.

Baadaye ilibainika kwamba mwiba wa Leidy na mifupa ya Cope ni vya samaki mmoja. Kwa kanuni za sayansi, jina lililotangulia kutangazwa kihalali ndilo linalobaki. Kwa hiyo, ijapokuwa Cope alikuwa na ushahidi mwingi zaidi, jina la Leidy ndilo lililoshinda. Hata hivyo, Portheus liliendelea kutumika katika vitabu na kwenye vibao vya makumbusho kwa miongo mingi, na msomaji wa machapisho ya zamani bado hukutana nalo.

Ukoo wa Sternberg nao haukuishia hapo. Mdogo wa daktari huyo, Charles H. Sternberg, alifanya kazi ya kukusanya visukuku kwa ajili ya Cope, kisha akaifanya kuwa kazi ya maisha yake yote. Mwanawe, George F. Sternberg, alizaliwa mwaka 1883 na kukulia katika kazi hiyo hiyo. Ni yeye aliyekuja kuchimbua samaki wawili wa Hays.

Uchimbuaji wa mwaka 1952

Mwaka 1952 msafara wa Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, yaliyoko New York, ulikuwa ukitafuta visukuku katika Wilaya ya Gove. Mmoja wa wanamsafara hao aliona mifupa ya samaki mkubwa ikichomoza katika chaki. Kwa kuwa makumbusho hayo hayakuwa na mpango wa kumchimbua, George F. Sternberg, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kilichopo Hays, aliichukua kazi hiyo.

Kuchimbua kisukuku katika chaki ni kazi ya subira. Mwamba huo ni laini, hukwanguka hata kwa kisu, lakini mifupa iliyomo ni myepesi kupasuka. Mchimbaji huondoa mwamba wa juu kidogo kidogo, huimarisha mifupa kwa gundi, kisha humwaga plasta juu yake ili bamba zima liweze kuinuliwa na kusafirishwa.

Kilichotoka katika chaki hiyo kilikuwa Xiphactinus karibu kamili, mwenye urefu wa takriban mita 4.2. Katikati ya mbavu zake kulikuwa na samaki wa pili, aina ya Gillicus arcuatus, mwenye urefu wa takriban mita 1.8. Kwa maneno mengine, Xiphactinus huyo alikuwa amemmeza samaki anayezidi theluthi moja ya urefu wake mwenyewe, na alimmeza akitanguliza kichwa.

Gillicus hakuwa mgeni kwa aliyemla. Wawili hao ni wa kundi moja la samaki wa kale, ingawa maisha yao yalitofautiana. Gillicus alikuwa na meno madogo mno, na inaelekea alikula viumbe wadogo. Ukubwa wake ungetosha kumlinda dhidi ya wengi, lakini si dhidi ya samaki mwenye kinywa cha Xiphactinus.

Kilichomuua

Swali lililofuata lilikuwa iwapo samaki hao wawili walikutana tumboni au walilaliana kwa bahati baada ya kufa. Ushahidi unaelekeza upande mmoja. Gillicus yumo ndani ya kifua cha mwenzake, na mbavu za Xiphactinus zimemzunguka. Amenyooka sambamba na uti wa mgongo wa mlaji wake, kama ambavyo samaki aliyemezwa hukaa. Isitoshe, kielelezo cha Hays si cha pekee. Xiphactinus wengine kadhaa wamepatikana wakiwa na samaki ndani ya miili yao, na mara nyingi aliyemo ni Gillicus. Bahati haijirudii kwa namna hiyo.

Dalili nyingine ni hali ya Gillicus mwenyewe. Mifupa yake imekaa mahali pake na haijamumunywa na asidi ya tumbo. Chakula kinachokaa tumboni mwa samaki kwa siku kadhaa hupoteza umbo. Kwa hiyo wataalamu wanakubaliana kwamba Xiphactinus alikufa muda mfupi baada ya kumeza.

Nini hasa kilimuua ni suala la kukisia kwa hoja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba samaki aliyemezwa akiwa hai alifurukuta na kujeruhi viungo vya ndani vya mlaji wake. Inawezekana pia kwamba mwili huo mkubwa ulibana matamvua, mlaji akashindwa kupata hewa majini. Maelezo yote mawili yana msingi mmoja: samaki alichukua kitu kikubwa kuliko mwili wake ulivyoweza kukihimili.

Kwa nini basi hakumtema? Jibu limo katika maumbile ya mlaji na ya mliwaji. Samaki anapomezwa kichwa kwanza, mapezi na mifuniko ya matamvua yake hulala nyuma na kupita kwa urahisi. Akivutwa kurudi, hufunguka na kukwama kama ndoana. Nayo meno ya Xiphactinus, yaliyoundwa kwa ajili ya kuzuia windo lisichomoke, yasingerahisisha safari ya kurudi. Kwa mnyama asiyeweza kukata windo lake vipande, kila mlo mkubwa ulikuwa safari ya kwenda tu.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na wageni wengi wanaosimama mbele ya bamba hilo huenda wakakumbuka methali kama hiyo kwa lugha zao. Hata hivyo, wataalamu hawasemi habari za tamaa. Kummeza samaki mzima ndiko kulikuwa kula kwake kwa kila siku, na Xiphactinus wengi walifanya hivyo wakasalimika. Aliyehifadhiwa ni yule ambaye hesabu ilimkataa siku moja.

Kifo hicho pia ndicho kilichotoa nafasi ya kuhifadhiwa. Mizoga mingi ya samaki wakubwa huvimba, huelea na kuraruliwa na papa hadi mifupa ikatawanyika. Huyu, kwa kila dalili, alizama akafika chini akiwa mzima, akafukiwa na matope meupe kabla ya mlo wake kuanza kuyeyuka.

Mwindaji aliwindwa

Pamoja na ukubwa wake, Xiphactinus hakuwa mkuu wa bahari hiyo. Papa aitwaye Cretoxyrhina mantelli, aliyefikia urefu wa mita sita au zaidi na mwenye meno makali kama wembe, aliishi katika maji hayo hayo. Kisukuku kimoja cha papa huyo, kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, kimepatikana pamoja na mabaki ya Xiphactinus aliyeliwa.

Juu ya wote walikuwapo mosasauri wakubwa, hususan Tylosaurus, ambaye aliweza kufikia urefu wa mita 12. Charles H. Sternberg alichimbua mmoja ambaye ndani yake mlikuwa na mabaki ya plesiosauri. Kwa kuunganisha ushahidi wa matumbo kama hayo, wataalamu wameweza kuchora mnyororo wa ulaji wa bahari iliyokauka zamani, wakijua kwa uhakika nani alimla nani.

Visukuku vya Xiphactinus havipatikani Kansas peke yake. Vimepatikana katika majimbo mengine ya Marekani, Canada, Ulaya na Venezuela. Mwaka 2020 watafiti wa Argentina walitangaza kupatikana kwa mabaki ya samaki wa jenasi hiyo katika eneo la Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini. Hii inaonyesha kwamba samaki huyo alisambaa katika bahari nyingi, kutoka kaskazini hadi kusini mwa dunia.

Aliyetoweka na aliyesalia

Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikubwa kiligonga dunia mahali palipo sasa rasi ya Yucatan, nchini Mexico, na kuacha shimo lenye upana wa takriban kilomita 180. Vumbi na moshi vilizuia mwanga wa jua. Mwani wa baharini, ambao ndio msingi wa chakula cha viumbe karibu wote wa majini, walipungua kwa kiwango kikubwa mno. Njaa ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kwa walaji wakubwa.

Mosasauri, plesiosauri na amoniti walitoweka. Xiphactinus naye alitoweka pamoja na kundi lake zima, kundi ambalo lilikuwa limeishi baharini kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Wakati huo Bahari ya Ndani ya Magharibi ilikuwa tayari imesinyaa sana, na hatimaye nchi kavu iliifunika kabisa.

Lakini si kila mkazi wa bahari hizo aliyefuata njia hiyo. Katika chaki ile ile ya Kansas yamepatikana mabaki ya samaki mkubwa wa ukoo wa silikanti, ambaye alikuwa jirani wa Xiphactinus. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba ukoo huo nao ulikwisha pamoja na dinosaria, kwa kuwa hakuna kisukuku chake cha baada ya wakati huo kilichokuwa kimejulikana. Imani hiyo ilivunjika mwezi Desemba 1938, pale silikanti alipovuliwa akiwa hai katika pwani ya Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Anjouan, katika visiwa vya Komoro, mwezi Desemba 1952, mwaka ule ule ambao Sternberg alimchimbua Xiphactinus wa Hays.

Tangu hapo silikanti wamenaswa pia katika maji ya Afrika Mashariki, akiwamo mmoja katika pwani ya Kenya karibu na Malindi mwaka 2001, na wengi nchini Tanzania kuanzia mwaka 2003, hasa mkoani Tanga. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili ya kumlinda samaki huyo.

Silikanti hana kasi ya Xiphactinus wala meno yake ya kutisha. Huishi katika maji yenye kina, hujificha mapangoni mchana na kutoka usiku, na hutumia nguvu kidogo. Wataalamu wanaona kwamba maisha ya namna hiyo, mbali na maji ya juu yaliyoathirika zaidi, huenda ndiyo yaliyousaidia ukoo wake kupita salama katika janga lililowaangamiza wenye nguvu.

Makumbusho ya Hays, yanayobeba jina la Sternberg, yako katika jengo lake la sasa tangu mwaka 1999, na bamba la samaki wawili bado ndilo linalovuta watu wengi. George F. Sternberg alifariki dunia mwaka 1969. Katika miaka yake yote ya kuchimbua alitoa visukuku vingi katika chaki ya Kansas, vikiwamo vya wanyama wakubwa kuliko Xiphactinus, lakini hiki cha mwaka 1952 ndicho ambacho jina lake hutajwa nacho hadi leo.